Usiite Kiroboto Mbu

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza bombani, na kila nikiikumbuka taya zangu hubana zenyewe. Nitakusimulia yote. Lakini kwanza nikwambie kwa nini nimekasirika, usije ukadhani ni uzee umenipanda kichwani.

Wiki jana nilikuja kwako. Nilifurahi kuona umetoka mjini ukajenga pembeni ya miti, mahali ambapo mtu akifungua dirisha asubuhi anasikia ndege kabla ya kusikia majirani. Mbwa wako alinilaki getini. Akatikisa mkia, kisha akaketi katikati ya salamu akajikuna kwa mguu wa nyuma mpaka akalia. Mjukuu wangu alikuja akanikalia mapajani, nikaona vifundo vya miguu yake vimejaa vipele vyekundu vilivyopangana kwa mstari. Nikakuuliza ni nini. Ukamtazama mwenzio, ukacheka kidogo, ukasema, "Ni mbu tu, Mum. Si unajua mahali kuna miti kuna mbu."

Nilinyamaza kwa sababu wakwe zako walikuwa wameketi sebuleni. Nikanywa chai yako, nikasifu mapazia. Nilipofika hapa kwangu Kianda nilivua viatu nikakaa kitandani, na hasira ikanijia kama ilivyonijia zamani. Mbu gani huyo, mwanangu, anayeuma vifundo tu, mchana kweupe, akipita kutoka kipele hadi kipele kama mtu anayepanda maharagwe? Unajua yule ni nani. Unamjua kwa jina. Ulikataa kulitaja mbele ya watu, na jambo hilo ndilo lililonichoma.

Sasa sikiliza.

Nilipokuwa na umri kama wako, nimetoka Kitui si muda mrefu, mimi na baba yako tulipanga chumba Kabiro, kule Kawangware. Dada yako Mwende ndiyo alikuwa anajifunza kutembea. Wewe ulikuwa bado hujaja. Ploti ilikuwa ya mama mmoja mzee wa Kikuyu ambaye kila mtu alimwita Shosho, yaani nyanya. Familia yake ilikuwa imelima pale kabla bati la kwanza la Kabiro halijapigiliwa msumari. Alikuwa amejenga safu mbili za vyumba vya mabati vikitazamana, na nyuma ya vyumba akaacha kipande cha shamba la zamani. Mikalitusi ilisimama huko, na miparachichi iliyozeeka, na chini kabisa nyasi za nepia mpaka mtoni, ambapo ng'ombe wake alifungwa. Upepo ukipita kwenye ile mikalitusi ulisikika kama mvua inayokuja. Watu wa ploti nyingine walituonea wivu kwa kile kivuli. Hawakujua kilichokuwa kinaishi ndani yake.

Palikuwa na mbwa. Jina lake Sheba, rangi ya mchanga, mkia umekunjika katikati kama kidole kilichobanwa na mlango. Hakununuliwa na mtu. Alizaliwa huko nyuma kwenye nepia, akakua akila mabaki ya sote, akibweka kwa ajili ya sote. Ukiuliza ni wa nani, jibu lilikuwa moja: wa ploti. Na katika ploti za Nairobi, kitu kikishaitwa cha ploti, basi hakina mwenyewe. Balbu ya ploti ikiungua hakuna anayeibadilisha. Choo cha ploti kikiziba kila mtu anapita akiziba pua. Mbwa wa ploti akijikuna, kila mtu anaingia ndani na kufunga mlango.

Baba yako alikuwa askari wa usiku, kwa hiyo jioni zote nilibaki peke yangu na mtoto, nyuma yetu miti na giza la mtoni. Sheba alijichagulia mlango wangu. Nilimtandikia gunia pale kizingitini, akalala na mgongo wake ukigusa mbao za mlango, nami nikalala upande wa pili nikisikia akipumua. Watu wanaoishi nyuma ya ukuta na geti la umeme hawajui thamani ya pumzi ile. Mimi naijua.

Kisha miguu ya watoto ikaanza kuota vipele. Kwanza Mwende, kisha watoto wa jirani yangu Mama Brayo, kisha karibu wote. Na ploti nzima ikakubaliana, bila kuitisha mkutano, kwamba ni mbu. Moshi wa dawa ya mbu ulitoka chini ya kila mlango kuanzia saa za jioni, tukakohoa kama wagonjwa wa kifua. Watu walinunua neti. Walipaka mafuta ya kufukuza mbu. Mbu wenyewe, wale wachache waliokuwepo, nadhani walihama. Na bado watoto walijikuna mpaka damu.

Kwa nini hakuna aliyesema? Kwa sababu ya aibu, mwanangu. Ukisema una mbu, umesema unaishi Nairobi. Ukisema una viroboto, umesema wewe ni mchafu. Na kwetu tuliokuwa tukichangia bomba na choo na ukuta wa bati, ambapo jirani akigeuka kitandani unamsikia, usafi ndio ulikuwa heshima pekee tuliyoweza kuonyesha. Mama angeacha kula ili anunue sabuni. Nani angekubali kutaja neno lile?

Mimi nililitaja. Ndiyo ile siku ya bombani.

Nilikuwa nimemnasa mmoja alfajiri kwenye shuka la Mwende. Nilimbana kati ya kucha nikamwona vizuri: mweusi wa kahawia, bapa ubavuni kama mbegu iliyokanyagwa, miguu ya nyuma mirefu. Nikaenda na jerikani yangu, nikakuta wanawake wamepanga foleni, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, hii si mbu. Ni viroboto. Wako kwa Sheba na wako kwa nyumba zetu."

Wote wakageuka kunitazama.

Mama Brayo ndiye aliyeanza. "Kwako, Mama Mwende. Sema kwako. Kwangu hakuna hizo vitu."

"Watoto wako wanajikuna nini?"

"Mbu! Kwani Kitui hakuna mbu? Ama huko mnalala na mbuzi ndiyo mmezoea?"

Wakacheka. Mmoja akavuta jerikani yake mbali na yangu, polepole, kama plastiki inaweza kuambukiza plastiki. Kufikia jioni nilikuwa na jina jipya. Mama Viroboto. Watoto wao walikatazwa kucheza na Mwende. Na Sheba, aliyekuwa wa ploti miaka yote, alikuwa amegeuka kuwa "hiyo mbwa yako".

Nilikasirika, lakini hasira yangu ilikuwa ya kijana. Nilifunga mlango nikanuna. Nilingoja waje waniombe msamaha. Hawakuja.

Aliyekuja ni msimamizi wa ploti. Jina lake Githinji, ila sote tulimwita Keya. Alikuwa kijana mwenye funguo nyingi kiunoni na maoni juu ya kila kitu. Shosho alikuwa amesafiri kwenda kukaa na binti yake aliyejifungua, kwa hiyo Keya alijiona mwenye ploti. Alikuja na dawa ya kuogesha ng'ombe kwenye chupa ya soda. Mtu alikuwa amempimia mahali, bila karatasi wala maelezo. Hakuuliza inachanganywa na maji kiasi gani. Alimshika Sheba shingoni akammwagia mgongoni ilivyo, nzito, nyeupe kama maziwa.

Nilitoka na kumkuta mbwa akitetemeka, mate yakimdondoka kama uzi, macho yamepanuka. Nilimvuta hadi bombani nikamwosha kwa sabuni ya kipande na maji mengi, tena na tena, na wanawake walewale wakanizomea kwamba namalizia ploti maji. Mwende alikuwa ameshika sketi yangu, na nilimkemea asiguse yale manyoya. Fikiria, mwanangu, kama angetangulia yeye kumkumbatia mbwa. Dawa ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Nilimwambia Keya hivyo.

Akanijibu, "Dawa ni dawa. Wadudu ni wadudu. Usinifundishe kazi."

Sheba hakufa siku ile. Lakini Keya aliona aibu mbele ya watu, na mtu mwenye funguo akiona aibu hutafuta wa kulipa. Siku chache baadaye nilirudi kutoka Lavington, nilikokuwa nafulia watu nguo, nikakuta gunia pale mlangoni ni tupu. Mwende, ambaye maneno yake yalikuwa bado machache, alinishika kidole akasema, "Sheba gunia. Sheba analia." Wanaume wa ploti walikuwa wamemtia kwenye gunia jingine, wakambeba kwa mkokoteni, wakaenda kumtupa msituni, mbali, upande wa Kibera.

"Sasa tutalala," Mama Brayo alisema kwa sauti, akihakikisha naisikia kupitia bati.

Hawakulala. Hapa ndipo nataka unisikilize kwa masikio yote mawili, maana jambo hili wengi hawalijui. Viroboto hawaishi juu ya mbwa tu. Wale unaowaona mwilini mwake ni wachache. Wengi wako chini: mayai kwenye vumbi, watoto wao kwenye nyufa za sakafu, chini ya magodoro, kwenye gunia la kulalia, wakingoja kitu chenye joto kipite. Mbwa akiwepo, wanamrukia mbwa. Mbwa akiondoka wanabaki na njaa, na chenye joto kinachobaki ni wewe. Tulikuwa tumemtupa aliyekuwa akitulipia.

Wiki ile walituvamia. Watu wazima waliokuwa hawajaumwa waliumwa. Baba mmoja alivua suruali nusu njiani akidhani amekanyaga siafu. Mama Brayo mwenyewe nilimwona kanisani akisugua mguu kwa mguu chini ya benchi wakati wa maombi. Na nikimwuliza? "Ni mbu wa msimu wa mvua."

Msimu wa mvua! Vumbi lilikuwa linapepea.

Shosho alirudi Jumapili. Alishuka ploti akitoka kanisani, na alikuwa amevaa kama wanawake wa chama cha kanisa lake: kitambaa kichwani, gauni safi, na soksi nyeupe zilizovutwa mpaka chini ya magoti. Alishangaa Sheba hakumkimbilia. Akaenda chumbani kwa Keya kuuliza, akaingia ndani, akakaa kidogo. Alipotoka alisimama juani akiwa ameshika mlango, akatazama chini.

Zile soksi zilikuwa na nukta nyeusi. Kisha nukta zikaruka.

"Haiya!" Shosho alisema. "Keya, hii ni nini?"

"Ni vumbi, Shosho."

"Vumbi inaruka?"

"Ni... ni mbu ndogo."

"Mbu imeanza kuruka kama chura? Wee Githinji, nimezaa watoto, nimefuga mbuzi, nimelala kwa nyumba ya udongo. Unaniambia mimi mbu?"

Milango ilianza kufungwa taratibu. Shosho akaona. Akapiga bati la mlango wa karibu kwa kiganja. "Fungua." Akaingia kwa Mama Brayo, akatembea mpaka kitandani akiburuta nyayo, akatoka, akainua gauni kidogo ili kila mtu aone. Nukta nyingine. Akaenda mlango uliofuata. Alipita safu yote, kisha akavuka akapita safu ya pili, mama mzee na miguu yake myembamba, na katika kila chumba zile soksi zilizidi kuwa nyeusi. Hakukuwa na chumba kilichopona. Kwa Keya, yeye aliyejifanya daktari, ndiko kulikokuwa kubaya zaidi.

Nilishindwa kujizuia. Nilisimama katikati ya ploti nikapiga kelele. "Niliwaambia! Mlinicheka! Mlimkataza mtoto wangu kucheza! Niliwaambia ni viroboto!"

Shosho akanigeukia. Nilidhani atanipongeza.

"Ulisema?"

"Nilisema, Shosho. Mbele ya wote."

"Na ukishasema, ulifanya nini? Huyo mbwa alilala mlango ya nani? Hilo gunia uliliosha siku gani? Godoro la mtoto liliona jua lini?" Hakuwa akinong'ona. "Hawa walikuwa waongo. Wewe ulijua, ukaketi ndani na ukweli wako kama mtu anakaa na chakula akingoja kubembelezwa. Mtoto wako aliumwa na hao viroboto sawa na wao."

Sijawahi kupigwa kofi lililouma kama lile. Uso wangu uliwaka moto. Nilimchukia, mwanangu, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu nilimchukia kabisa. Kisha nikaona gunia pale kizingitini, limegandamana kwa uchafu, nikainama nikaliokota.

Shosho alikuwa ameshaendelea. "Mbwa iko wapi?"

Keya alieleza huku akitazama funguo zake. Shosho alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Utaenda na Mama Mwende. Msirudi bila yeye. Na nyinyi wengine, magodoro nje. Yote. Sasa hivi. Ambaye hataki kutoa lake kwa jua, atoe na vyombo, ahame."

Tulienda kwa miguu, Keya mbele, mimi nyuma na Mwende mgongoni. Njiani alijaribu kujitetea.

"Mama Mwende, mimi nilitumwa na ploti."

"Ploti ina mdomo?" nilimwuliza.

Tulipita Kianda, tukafika mahali nyumba zilikuwa zikiisha na miti kuanza. Mama mmoja alikuwa akikaanga viazi pembeni mwa njia. Nilimweleza mbwa wa rangi ya mchanga mwenye mkia uliokunjika. Akaelekeza kwa kijiko chake nyuma ya kibanda.

"Iko hapo. Naipatia maji, hainywi. Nani anatupa mbwa hivyo?"

Keya alitazama viatu vyake. "Ploti," nilimjibu mimi.

Sheba alikuwa amelala ubavu kwenye majani makavu. Alinijua. Alipiga mkia chini mara moja, akashindwa kuuinua tena. Nilipomgusa masikio nilihisi kokoto, na nilipoyafungua niliona si kokoto. Kupe. Walikuwa wamejaa ndani ya masikio, kati ya vidole, makwapani, chini ya mkia. Wengine wadogo na bapa, wengine wamevimba, kijivu, wanang'aa kama mbegu za mbarika. Msitu ulikuwa umempanda mwilini. Nilimfunua mdomo: ufizi uliokuwa wa waridi ulikuwa mweupe kama karatasi.

Keya alimbeba mabegani njia nzima. Sikumsaidia. Tulipofika Kabiro tulikuta ploti imegeuka. Magodoro yalikuwa yameegemezwa kila ukuta, madoa ya mikojo ya watoto yakiwa wazi, mashuka juu ya kamba, sufuria za maji zinachemka, vitanda vimesimamishwa kwa kichwa. Kila tulichokuwa tukifichana kwa miezi kilikuwa nje, kinaonekana. Na jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyemcheka mwenzake. Ukitoa la kwako na mimi nikatoa la kwangu, aibu inakosa pa kukaa.

Shosho aliketi kwenye kibao kidogo, akampokea Sheba miguuni pake. Keya, akitaka kujirekebisha, akatoa kiberiti.

"Weka hiyo chini! Ukiichoma itatapika ndani ya mbwa. Unataka kumwongezea sumu?"

Alitumia kile kikoleo kidogo cha kung'olea nyusi. Alimshika kupe karibu kabisa na ngozi, si tumboni, akavuta moja kwa moja, polepole, bila kuzungusha. Kila mmoja alimtia kwenye kopo la maji ya sabuni. Mimi nilijaribu kumpasua mmoja kwa kucha, akanigonga mkono. "Hiyo damu si ya kuchezea." Tulifanya hivyo mpaka kopo likawa jeusi.

Daktari wa mifugo aliyekuwa akimtibu ng'ombe wa Shosho alikuja. Alimpima Sheba, akamdunga sindano, akasimama akifuta mikono. "Hii ni homa ya kupe. Damu yake imekuwa maji. Mngemleta mapema."

Mapema! Wakati ule tulikuwa tukiwasha dawa ya mbu.

Alikufa kesho yake adhuhuri, mlangoni kwangu, kichwa kikiwa juu ya leso yangu. Mwende alimfunika kwa majani ya mparachichi, moja moja. Tukamzika nyuma, na majirani wakaja. Mama Brayo alinishika mkono, machozi yanamlenga, akasema, "Pole, Mama Mwende. Tumempoteza mbwa wetu."

Wetu!

Mwanangu, nimewasamehe watu wengi katika maisha haya. Lile neno sijalisamehe. Nilichomoa mkono wangu. Nikaenda nikachukua ufagio kwa sababu kama ningebaki pale ningempiga.

Nilifagia. Wote walifagia. Keya alishika shoka akasema dawa ni kukata mikalitusi yote, na Shosho akamwuliza mti umemuuma wapi. Badala yake tulifyeka nyasi zilizokuwa zimegusa kuta, tukazoa majani yaliyooza, tukahamisha rundo la kuni mbali na nyumba kwa sababu panya walizaliana humo, na panya naye hubeba viroboto wake. Tulimwaga kokoto kavu kati ya vyumba na miti, upana wa kutosha jua kupiga, kwa kuwa kupe hapendi kuvuka mahali pakavu penye jua. Ng'ombe akatengewa njia yake. Na tulipodhani tumemaliza, wakarudi. Watu wakalia. Shosho akasema ni mayai yameanguliwa, toeni magodoro tena. Tukatoa. Na tena. Hakuna aliyeacha, na hatimaye asubuhi moja Shosho akapita safu zote mbili akatoka na soksi nyeupe tupu. Alituonyesha, hakutabasamu. Mbwa alikuwa ameshaoza ardhini.

Kwa hiyo nakwambia, na ninakwambia kwa hasira kwa sababu nakupenda: acha kumwita kiroboto mbu. Ukifika tu kwako, mtazame mbwa wako kuanzia masikio hadi vidole, na ufanye hivyo kila akitoka kwenye miti. Ukikuta kupe, mvute kwa kikoleo, taratibu, karibu na ngozi, kisha umtie kwenye maji ya sabuni. Usimchome, usimpake mafuta ya taa, usimpasue kwa vidole. Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo, apimwe uzito, apewe dawa yake yeye. Dawa ya ng'ombe isikanyage kwako. Na ile ya mbwa usimpake yule paka wako, kuna ambazo zitamwua. Anapolala mbwa, paoshe kwa maji ya moto na upaanike juani. Fagia chini ya makochi, pembeni, kwenye nyufa, kisha ulitupe hilo vumbi mbali na nyumba. Fanya tena hata ukidhani umeshinda, maana mayai yanangoja. Fyeka nyasi, zoa majani, miti iache isimame. Mkague mtoto jioni akitoka kucheza, nyuma ya masikio na mapajani, na akipata homa baada ya kuumwa na kupe usimpe panadol ukangoja, mpeleke hospitali ukaseme kilichomuuma. Ukitaka kujua kama wapo, nunua soksi nyeupe uvae, utembee ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mwite na jirani afanye kwake. Wakwe zako wakikuta magodoro nje na wakauliza, waambie tuna viroboto na tunawaondoa. Sema na ufagio ukiwa mkononi tayari.

Na yule mbwa, tafadhali, awe wako. Si wa nyumba, si wa watoto, si wa geti. Wako, kwa jina lako, mpaka siku atakapokufa kwa uzee.

Mungu aifunike nyumba yako kwa kivuli kisichouma. Watoto wako walale usiku kucha bila kujikuna, mikono yako isichoke kabla ya kazi kuisha, na ulimi wako usiogope aibu kuliko maumivu ya mwili wa mwanao. Nenda salama, mwanangu. Nenda ukaanze leo.